Matembezi ya Ullswater: Shairi la Mmoja, Njia ya Wawili

Katika mashairi ya Kiingereza yaliyofundishwa shuleni zama za ukoloni, ni machache yaliyokaririwa kama lile la William Wordsworth juu ya maua ya dafodili. Watoto wa nchi za joto walilihifadhi bila ya kuliona ua lenyewe, ambalo ni la manjano na ni jamaa ya nargisi anayesifiwa na washairi wa Uajemi. Msemaji wa shairi hilo ni mtu mmoja. Anatembea peke yake, anayakuta maua kando ya ziwa, na siku nyingine, akiwa amejilaza nyumbani, anayaona tena moyoni mwake. Upweke huo ndio roho ya utungo. Lakini historia ya matembezi yenyewe ina habari nyingine.

Ziwa linaitwa Ullswater, nalo liko kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Ni jembamba, urefu wake wapata kilomita 12, na limejipinda katikati ya milima. Alhamisi ya tarehe 15 Aprili 1802, baada ya chakula cha mchana, William na umbu lake Dorothy walitoka Eusemere, upande wa kaskazini wa ziwa, wakashika njia ya Patterdale kurejea kwao Grasmere. Nyumba waliyoiaga ilikuwa ya Thomas Clarkson, aliyezunguka bandari za Bristol na Liverpool kukusanya ushahidi dhidi ya biashara ya watumwa. Sheria aliyoipigania, iliyowakataza Waingereza biashara hiyo, ilipitishwa mwaka 1807, mwaka ule ule shairi la maua lilipochapishwa. Kwetu sheria hiyo haikufika. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873.

Yaliyojiri njiani tunayajua kwa kalamu ya Dorothy, aliyekuwa akiandika shajara tangu mwaka 1800 kwa kusudi la kumfurahisha kaka yake. Asubuhi ilikuwa na ukungu. Mke wa Clarkson aliwasindikiza kidogo, akarudi. Upepo ulivuma kwa nguvu hata wakafikiri kurudi nao. Wakajisitiri katika banda la mashua, kisha nyuma ya kichaka. Dorothy anataja plau iliyokuwa ikilima shambani, mashua iliyoelea peke yake katikati ya ghuba, na maua madogo ya kando ya njia, moja moja kwa jina lake.

Walipoipita mbuga ya Gowbarrow waliona dafodili chache karibu na maji. Wakadhani kwamba ziwa ndilo lililozisukuma mbegu hadi ufukweni. Kila walipoendelea mbele maua yalizidi, hata yakawa ukanda mrefu chini ya miti, upana wake kama barabara ya shamba. Ni Dorothy aliyeandika kwamba baadhi yalilaza vichwa juu ya mawe kama yaliyochoka, na mengine yakicheza na kuucheka upepo. Kisha mvua ikawanyeshea, wakafika Patterdale wamerowa. Katika nyumba ya wageni walikula nyama ya nguruwe na viazi, William akakaa karibu na moto akisoma kitabu, na wote wawili wakatamani kwamba Mary angalikuwa nao.

Mary Hutchinson aliolewa na William Oktoba ya mwaka huo huo. Shairi lilitungwa kiasi cha miaka miwili baadaye, likachapishwa likiwa na beti tatu. Ubeti mwingine uliongezwa mwaka 1815. Ndani yake dhoruba imekuwa upepo mwanana, mvua imekauka, na dada hayumo. Ngoma ya maua imebaki. Mishororo miwili ya ubeti wa mwisho, inayosema juu ya jicho la ndani linalomliwaza mtu aliye peke yake, ilitoka kwa Mary. William mwenyewe alikiri hivyo, akasema kwamba ndiyo mizuri kuliko yote.

Si haki kumwita mshairi mwongo kwa hayo. Mtunzi ana ruhusa ya kuchambua aliyoyaona, akaacha hili na kulikuza lile, na pasingekuwa na upweke shairi hilo lisingekuwa lilivyo. Hata hivyo, ruhusa ya mtunzi haimwondolei msomaji wajibu wa kuuliza nani mwingine alikuwapo. Dorothy alifariki mwaka 1855. Vipande vya shajara yake vilitokea mwaka 1851 katika kitabu cha maisha ya kaka yake, na sehemu kubwa zaidi ilichapishwa mwaka 1897. Kwa muda wote huo dunia ilikariri beti bila ya kujua kwamba macho ya kwanza kuyaweka maua yale katika maandishi yalikuwa ya mwanamke.

Katika tenzi zetu nyingi za kale, beti za mwisho humtaja mtunzi, na pengine hesabu ya beti na tarehe, ili kazi ijulikane ni ya nani. Shairi la Ullswater halina ubeti wa namna hiyo. Lingalikuwa nao, ungalihitaji nafasi ya majina matatu.