Butembo na Beni: Matete ya milimani, kutoka amri ya mkoloni hadi zizi la mbuzi

Anayepanda kutoka Butembo kuelekea Lubero huona mistari ya matete ikikata vilima kwa upana. Wengi wetu tunaiona kama chakula cha mbuzi tu. Lakini ina historia yake, na historia hiyo inagusa mashamba yetu ya kesho.

Miaka ya 1940 na 1950, utawala wa Wabelgiji uliona udongo wa milima ya Kivu ukiteremka na mvua. Watu walikuwa wengi milimani, na Hifadhi ya Albert iliyoanzishwa 1925, ambayo leo tunaiita Virunga, ilikuwa imewafungia sehemu ya bonde. Wakulima wakalazimishwa kuchimba mitaro na kupanda majani kwa mistari, aliyekataa aliadhibiwa. Ndiyo maana uhuru ulipofika 1960, wengi waliacha kazi ile. Waliiona kama mzigo wa mkoloni, si dawa ya shamba.

Mahali matete yalipobaki, mara nyingi mifugo ndiyo iliyoyaokoa: mwenye mbuzi anahitaji majani karibu.

Hapo kuna jambo ambalo amri ya zamani haikumfundisha mkulima. Mizizi ya matete huvuta fosforo, chakula ambacho mmea hauwezi kukua bila hicho. Tani moja ya matete makavu hubeba yapata kilo 2 hadi 3 za fosforo. Ukikata majani na kuyapeleka mbali, umeondoa na fosforo hiyo.

Kule Uholanzi, hiyo ni dawa. Mashamba yao yamemwagiwa samadi ya ng'ombe na nguruwe miaka mingi, hata fosforo ikazidi na kuchafua maji. Kwa hiyo wapo wanaokata majani na kuyaondoa shambani kwa makusudi, ili udongo upungue fosforo.

Kwetu ni kinyume. Udongo mwekundu wa milimani una chuma na aluminiamu zinazoshikilia fosforo, na mimea hupata kidogo. Maharagwe yanaweza kuchukua nitrojeni hewani. Fosforo haitoki hewani. Kinachoondoka lazima kirudishwe.

Na njia ya kuirudisha tunayo. Sehemu kubwa ya fosforo anayokula mbuzi hutoka katika kinyesi chake. Swali ni kinyesi hicho kinakwenda wapi. Tangu mauaji ya Beni yalipoanza 2014, familia nyingi zimekimbilia mjini, na shamba limekuwa mbali na zizi. Samadi ikitupwa mtaroni, mvua huipeleka mto Kimemi, na kilima kinabaki maskini.

Basi anayeuza majani na anayeyanunua wapatane mapema: mizigo ya majani ikishuka mjini, mifuko ya samadi ipande shambani. Bila hivyo, mistari itazuia udongo usiteremke, lakini sisi wenyewe tutaushusha mjini, fungu kwa fungu.