Duke Ellington na John Coltrane: Albamu ya Piano na Saksafoni Unafaa Kuijua

Ukiwa Kisii ama Nyamira na uitishe "jazz," utawekewa gita. Na si makosa. Christopher Monyoncho aliita kundi lake Riakimai Jazz Band, na gita ndio zilikuwa zinabeba ngoma. Lakini iko ile jazz ingine ya piano na saksafoni. Kama hujawahi kuiskia, anza na hii.

Ni albamu gani?
Inaitwa *Duke Ellington & John Coltrane*. Ilirekodiwa siku moja tu, Septemba 26, 1962, kwa studio ya Rudy Van Gelder huko New Jersey, Marekani. Ikatoka 1963 chini ya lebo ya Impulse!, ngoma saba.

Hawa ni kina nani?
Ellington, wa piano, alikuwa mzee wa miaka 63, ameongoza bendi tangu miaka ya 1920. Coltrane, wa saksafoni, alikuwa amefikisha 36 siku tatu kabla, na ndiye alikuwa anachanganya watu na sauti mpya. Kila mmoja alikuja na mtu wake wa besi na wa drams, wakawa wanapokezana.

Ukali wake uko wapi?
Coltrane alikuwa msee wa kurudia ngoma mpaka aridhike. Mzee naye, ikitoka poa mara ya kwanza, anasonga. Kijana akafuata mwendo wa mzee.

Skiza "In a Sentimental Mood," ambayo Ellington alitunga 1935. Piano inadondosha noti chache, saksafoni inapita juu polepole. Hakuna anayeshindana. Kisha weka "Take the Coltrane," ngoma mzee aliandikia kijana. Hapo sasa Coltrane anaachiliwa akimbie.

Inakuhusu aje?
Pengine sokoro wako anapiga obokano, ile ya nyuzi nane inayonguruma mpaka kifuani. Wewe uko na laptop ya kutengeneza biti, na kila Desemba unasema utamrekodi mwaka ujao.

Cheki hii: Coltrane ndiye alitangulia kufa, 1967, akiwa na miaka 40. Mzee aliishi hadi 1974. Hawakuwahi kurekodi albamu ingine pamoja. Ile siku moja ndio tuko nayo.

Ukienda ocha, beba maiki.