Walii ni Mlinzi, Si Mmiliki: Posa, Idhini na Moyo Uliovunjika Katika Mwambao wa Ziwa Nyasa

Ndugu msomaji, hakuna imamu wa mjini wala wa kijijini asiyelijua swali hili. Kijana amependa na amependwa, lakini wazazi wamekataa. Au binti ameposwa na mtu asiyemtaka, na baba amekwisha kupokea barua ya posa. Au wawili wamengojana miaka, kisha mmoja akageuka, na aliyeachwa halali wala hali. Wakubwa wengi hulisikia swali hili wakasema ni balaa la zama za simu. Sivyo. Swali hili limo katika sababu za kushuka kwa aya, limo katika Sahihi ya Bukhari, na limo katika historia ya makabila yetu ya kusini. Tutalitazama kwa kuchukua eneo moja, nalo ni Mbinga na mwambao wa Ruvuma wa Ziwa Nyasa, ambako mila, fiqhi na sheria ya dola hukutana juu ya kijana mmoja.

Mahali desturi zinapokutana

Milima ya Mbinga ni nchi ya Wamatengo, watu mashuhuri kwa kilimo cha ngoro na, tangu zama za ukoloni, kwa kahawa. Ukiteremka magharibi unafika ziwani, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, kwa Wanyasa, Wamanda na Wampoto. Upande huu wa ufukwe ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi ulipofanywa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012. Mashariki wako Wangoni wa Songea, na mbele zaidi Wayao wa Tunduru, ambao kwa njia ya misafara ya Kilwa walikuwa miongoni mwa walioupeleka Uislamu bara. Wamisionari nao waliwahi mapema. Waanglikana walijijenga kisiwani Likoma katika miaka ya 1880, na padri wao William Percival Johnson alizikwa Liuli mwaka 1928. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Kwa sababu hiyo Waislamu wa Mbinga ni wachache kati ya majirani Wakristo, na jambo hili, kama tutakavyoona, si dogo kwa kijana anayetafuta mchumba.

Sasa tazama tofauti ya ukoo. Kwa Wamatengo na Wangoni ukoo unafuata baba. Wamatengo walikuwa na kikao kiitwacho sengu, ambapo mzee wa ukoo alikula pamoja na wanawe na wajukuu, na humo watoto wakafunzwa adabu na mambo ya nyumba yakaamuliwa. Mali ya posa ilitoka kwa ukoo wa mume ikaenda kwa ukoo wa mke. Kwa Wayao mambo ni kinyume. Ukoo unafuata mama, msimamizi wa dada na watoto wao ni mjomba, na mume ndiye aliyezoea kuhamia kijijini kwa mke na kuwafanyia wakwe kazi.

Basi mchukue kijana wa Kimatengo aliyesilimu, na binti wa Kiyao kutoka Tunduru aliyezaliwa katika Uislamu. Mjomba anasema bila yeye hakuna ndoa. Baba wa binti yupo, lakini hana sauti mbele ya shemeji zake. Fiqhi hapa haina shaka. Walii ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha ndugu na ami kwa upande wa baba. Mjomba ni mtu wa heshima na wa kushauriwa, lakini si walii. Mila imempa asichopewa na sheria, na imemnyang'anya baba amana aliyopewa. Mara nyingi mapenzi ya vijana hawa huvunjika pasipo mmoja kumchukia mwenzake, kwa kuwa wazee hawajakubaliana nani mwenye kauli.

Mshahara wa kijana

Mabadiliko mengine yaliletwa na kazi ya mbali. P. H. Gulliver, aliyewachunguza Wangoni na Wandendeule na kuchapisha kitabu chake mwaka 1955, alieleza jinsi vijana wa Songea walivyokuwa wakienda kwa wingi kutafuta kazi za mshahara mbali na kwao. Mkonge wa Tanga uliwachukua wengi. Mtu aliyerudi na fedha mkononi hakuwa tena mtoto wa kungoja mali ya baba. Lakini fedha hiyo hiyo iliigeuza posa kuwa hesabu, nayo kahawa ya Mbinga ikaongeza hesabu kwa wenye mashamba. Tangu hapo kijana ana mizigo miwili: kumridhisha mchumba, na kufikia kiasi kilichotajwa na watu ambao hatakaa nao nyumba moja.

Hapa ni lazima tutofautishe mambo mawili yanayoitwa kwa jina moja. Mahari ya Kiislamu ni haki ya mwanamke mwenyewe, kwa ushahidi wa Suratun-Nisaa aya ya 4. Mali ya kimila hupokewa na ukoo. Baba anayeitia mfukoni mahari ya bintiye bila ridhaa yake amekula haki ya mtu, hata kama jirani zake wote hufanya hivyo. Ama kiasi, Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kuwa mahari ya Mtume (s.a.w.) kwa wakeze ilikuwa dirham 500, nayo ni karibu kilo moja na nusu ya fedha. Kwa upande mwingine, Mtume alimuoza swahaba asiyekuwa na hata pete ya chuma kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Khalifa Umar naye alisimama juu ya mimbari akakataza kupandisha mahari.

Aya moja yenye pande mbili

Ma'qil bin Yasar (r.a.) alimuoza dada yake. Mume akamwacha mpaka eda ikaisha, kisha akarudi kuposa upya. Ma'qil alikasirika, akaapa kuwa hatamrudishia kamwe. Hasira yake inaeleweka, kwani alimkirimu mtu akamvunjia heshima. Lakini dada alikuwa bado anampenda mumewe. Ikashuka aya ya 232 ya Suratul-Baqara kuwakataza mawalii kuwazuia wanawake kurejeana na waume zao wakiridhiana kwa wema. Ma'qil akaisikia, akatii, akamuoza.

Zingatia hapa, ndugu msomaji. Imamu Shafi'i aliitumia aya hii kuwa dalili ya wazi kabisa kwamba walii ni lazima katika ndoa. Hoja yake ni kuwa kama mwanamke angejiozesha mwenyewe, kusingekuwa na maana ya kumkataza nduguye asimzuie. Hoja ni madhubuti. Lakini wanaoishika hoja hii mara nyingi husahau kuwa aya yenyewe ilishuka kumfunga mikono walii. Uwalii ulithibitishwa katika tamko lile lile lililouwekea mpaka. Walii anayezuia bila sababu ya kisheria huitwa mwenye adhli, na kwa Mashafi'i haki ya kuozesha huhamia kwa Kadhi.

Ama kulazimisha, tuseme ukweli wa vitabu. Khansa bint Khidham, mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, aliozwa na babake bila kutaka, na Mtume akaivunja ndoa hiyo. Hilo halina mjadala. Kwa bikira, madhehebu ya Shafi'i inampa baba na babu haki ya kumuoza bila idhini yake, ingawa kumuuliza ni sunna, na kwa sharti kuwa pasiwe na uadui wa wazi kati yao, na mume awe kufu anayeimudu mahari. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomwa na wanafunzi wengi wa pwani yetu, anakwenda mbali zaidi. Binti akimtaja kufu mmoja na baba akamtaka kufu mwingine, chaguo ni la baba, katika kauli aliyoiita asahhi. Lakini wanafunzi wa Minhaj wanajua istilahi hii. Nawawi akisema asahhi, maana yake ni kuwa kauli ya pili nayo ina nguvu ndani ya madhehebu. Mahanafi wamekataa kumlazimisha bikira aliyebaleghe na mwenye akili, na Ibn Taymiya akawaunga mkono kwa hoja nyepesi kufahamika: ikiwa baba hawezi kuuza kitu kidogo cha bintiye mkubwa bila idhini yake, vipi aitoe nafsi yake? Basi baba anayedai kuwa dini nzima imempa amri hiyo hajasoma nusu ya pili ya mlango.

Sheria ya nchi nayo imesema. Sheria ya Ndoa Namba 5 ya mwaka 1971, katika kifungu cha 16, haitambui ndoa bila hiari ya wote wawili, na kifungu cha 41 kinasema kutotimizwa kwa mila ya mahari hakuharibu ndoa. Sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi la mwaka 2016, ikatamka kuwa vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha tarehe 23 Oktoba 2019. Mahakama haikuona kuwa idhini ya mzazi yatosha kumwingiza mtoto katika ndoa.

Mchumba wa dini nyingine

Katika Mbinga kijana Mwislamu amesoma na kulima pamoja na Wakatoliki. Binti Mwislamu hawezi kuolewa na asiyekuwa Mwislamu, na hilo ni ijmai. Mwanamume ameruhusiwa mwanamke wa Kitabu kwa aya ya 5 ya Suratul-Maida. Lakini Mashafi'i wameweka sharti ambalo vijana wengi hawalijui: ikiwa hatoki kwa Bani Israili, ijulikane kuwa wazee wake waliingia dini hiyo kabla ya kufutwa kwake. Binti ambaye babu yake alibatizwa Kigonsera hapiti katika sharti hilo, ingawa madhehebu nyingine hazikuliweka. Kanisa Katoliki nalo, kwa kanuni ya 1086 ya mwaka 1983, halikubali ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa bila ruhusa maalumu. Kijana anastahili kuyajua haya kabla moyo haujafunga safari, asiyasikie mara ya kwanza siku ya posa. Kumwacha awe na urafiki wa siri miaka mitatu, kisha kumtolea kitabu, si malezi.

Ndiyo maana sheria haikuacha njia ya kujuana ikiwa imefungwa. Mughira bin Shu'ba alipotaka kuposa, Mtume alimwagiza aende akamtazame kwanza binti huyo, kwani huko ndiko kunakojenga mapatano. Kilichokatazwa ni faragha na ahadi za gizani. Kuonana na kuzungumza mbele ya maharimu, kwa nia iliyotajwa, ni sunna ambayo wazee wetu wengi wameifunga, kisha wakashangaa vijana kupita dirishani.

Machozi ya Mughith

Linabaki jeraha ambalo halina hakimu. Barira alikuwa mjakazi aliyeachwa huru na Bibi Aisha (r.a.). Kwa uhuru ule alipata hiari ya kubaki na mumewe Mughith, ambaye alikuwa bado mtumwa, au kuachana naye. Akachagua kuachana. Ibn Abbas amesimulia, katika Bukhari, jinsi Mughith alivyokuwa akimfuata katika vichochoro vya Madina akilia, machozi yakitiririka ndevuni. Mtume alimwonea huruma, akamwambia Abbas aone ajabu ya mapenzi ya huyu na chuki ya yule. Kisha akamwendea Barira kumwombea mwenzake. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa ni uombezi tu. Akasema hana haja naye, na jambo likaishia hapo.

Katika riwaya hii hakuna aliyemcheka Mughith wala kumwambia mwanamume halii. Na hakuna aliyemlaumu Barira. Wawili hao walihifadhiwa heshima zao pamoja. Ama mali, sheria ina la kusema: Mashafi'i wameruhusu mposaji aliyekataliwa kudai alichotoa kwa ajili ya ndoa, na Sheria ya 1971, vifungu vya 69 na 71, inaruhusu madai ya fidia ya ahadi iliyovunjwa na kurejeshewa zawadi. Lakini hakuna mahakama inayoamuru kupendwa.

Basi wazee wa Mbinga, iwe katika sengu au katika ukumbi wa msikiti, wamuulize binti kabla ya kupokea posa na si baada yake. Wamjue walii wa kweli ni nani. Watamke mahari ambayo kijana wa leo anaweza kuilipa, na wampe mwenyewe haki yake. Na kijana aliyekataliwa asiitwe dhaifu kwa kulia. Uombezi wa kiumbe bora kuliko wote ulisimama mbele ya neno la mwanamke aliyekuwa jana mjakazi, ukarudi bila kulazimisha. Baba na mjomba nao wasimame hapo.

Wallahu A'lam.