Mgandamizo hafifu (injini ya pikipiki)

Hali ya silinda kushindwa kubana hewa na petroli. Kiki huwa nyepesi, mlima hauliki. Bodaboda nyingi za chapa ya SanLG hufuata muundo wa Honda CG125 ya 1976, ambamo pushirodi husukuma valvu. Fundi humimina oili kidogo kwenye tundu la plagi: mgandamizo ukipanda, ringi zimelika, mara nyingi kwa vumbi la barabara za vijijini; usipopanda, shuku valvu au gasketi. Kabla ya kufungua hedi, pima tapeti, hatua ambayo wenye haraka huiruka: injini baridi, pistoni juu mwishoni mwa mbano, alama ya T ilingane, nafasi milimita 0.08. Tapeti iliyobana mno huacha valvu wazi, ingawa injini husikika tulivu.