Familia za Wanajeshi wa El Adde

Familia za wanajeshi wa El Adde ni wazazi, wajane na ndugu wa askari wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) waliouawa au kupotea katika shambulio la kundi la wapiganaji la Al-Shabaab kwenye kambi ya El Adde, mkoa wa Gedo, Somalia, tarehe 15 Januari 2016. Madai yao hayakuwa maandamano makubwa ya barabarani. Waliuliza mambo mawili: ni wangapi waliokufa, na miili iko wapi. Hata hivyo maswali hayo yaligusa siasa ya vita yenyewe.

Usuli

Kenya iliingiza majeshi Somalia Oktoba 2011, katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi, na mwaka 2012 majeshi hayo yakawa sehemu ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. El Adde ilivamiwa alfajiri kwa gari lililojaa milipuko, likafuatwa na wapiganaji wa miguu. Serikali ya Kenya haikutangaza idadi kamili ya waliokufa. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja askari 180 hadi 200. Jeshi la Kenya likapinga. Mei 2016 shirika la habari la CNN lilitaja 141.

Msiba bila mwili

Tarehe 27 Januari 2016 ibada ya kumbukumbu ilifanyika Moi Barracks, Eldoret, ikihudhuriwa na Rais Uhuru Kenyatta, Hassan Sheikh Mohamud na Muhammadu Buhari wa Nigeria. Miili mingine ilihitaji vipimo vya DNA ili itambuliwe, na kuna familia ambazo hazikupata wa kumzika.

Kwa familia hizo matanga hayana mwisho. Mila zina njia zake: baadhi ya Waluhya huzika shina la mgomba mahali pa marehemu asiyeonekana, Wajaluo huzika tunda la yago, na Waislamu wa madhehebu ya Shafii humswalia Swala ya Ghaibu. Sheria nayo ni ngumu zaidi. Kwa kawaida nchini Kenya mtu huhesabiwa kuwa amekufa asiposikika kwa miaka 7, na bila uthibitisho wa kifo mirathi na mafao hukwama. Hivyo mzazi anayedai mwili hadai kaburi peke yake.

Majibu ya serikali

Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph Nkaissery, alionya kuwa wanaosambaza picha za askari waliouawa wangekamatwa. Hoja ilikuwa kwamba picha hizo ni propaganda ya adui. Mwanahabari Yassin Juma alikamatwa Januari 2016 baada ya kuandika kuhusu shambulio hilo mtandaoni, akituhumiwa kutumia vibaya chombo cha mawasiliano. Aprili 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichohusu kosa hilo, katika kesi nyingine.

Katika siasa, Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu jeshi lilipovuka mpaka mwaka 2011, alikuwa sasa anataka lirudi nyumbani. Serikali ilishikilia kwamba kuondoka kungemfungulia adui njia. Kwa hiyo familia iliyouliza idadi ilijikuta inaingizwa katika mvutano ambao haikuuanzisha.

Ulinganisho

Nchini Marekani, Cindy Sheehan, ambaye mwanawe Casey aliuawa Baghdad tarehe 4 Aprili 2004, alipiga kambi Agosti 2005 karibu na shamba la Rais George W. Bush, Crawford, Texas, akitaka kumwuliza mwanawe alikufa kwa ajili ya nini. Waliomuunga mkono walimwona sauti ya wazazi wote. Waliompinga walisema anatumiwa na wanasiasa. Sheehan alijua mwanawe alikufa wapi na lini, akabishania sababu. Familia za El Adde zilikuwa bado zinatafuta hayo ya mwanzo.

Tanzania ilikutana na msiba wa namna hiyo tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani ya Semuliki, Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliposhambuliwa na askari wake 15 kupoteza maisha, wakiwemo Wazanzibari. Huko idadi ilitangazwa, Umoja wa Mataifa ukachunguza, majeneza yakaagwa Dar es Salaam kabla ya kupelekwa kwao. Uchungu haukupungua, lakini wazazi walijua wa kumlilia.