Karani wa Tanga na Shaka ya Nafsi

Tangu mwaka wa 1904, shule ya Serikali ya Wadachi mjini Tanga ilikuwa ikipiga chapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Jina hilo lilikuwa kubwa kuliko cheo walichopewa wasomaji wake. Vijana waliotoka katika shule ile walifanywa makarani, walimu na maakida. Waliwaongoza watu kwa amri ya mtu mwingine. Nataka kutazama hapa moyo wa kiongozi wa namna hiyo, yule aliyewekwa mbele ya wenzake naye hana hakika kama mahali hapo ni pake. Mfano wangu hakutoka katika shule hiyo, lakini alikuja kuwaongoza wengi waliotoka humo. Jina lake ni Martin Kayamba.

Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka wa 1891, katika ukoo wa Kibondei. Baba yake alipata kusoma Uingereza akawa mwalimu wa misheni, na yeye mwenyewe alisoma Kiungani. Alifanya kazi Kenya, Uganda na Unguja, na vita vya 1914 vikamkuta katika nchi ya Wadachi. Alishukiwa kuwa mpelelezi wa Waingereza, akawekwa kifungoni hata Tabora ilipotwaliwa na majeshi ya Wabelgiji mwaka wa 1916. Kosa lake kubwa, kwa kadiri nionavyo, lilikuwa kujua Kiingereza. Baada ya muda mfupi elimu hiyo hiyo ikampatia kazi katika Serikali mpya ya Waingereza, Tanga. Mtu aliyeonja mambo hayo mawili kwa sababu moja hawezi kuuamini sana ukubwa aliopewa.

Tena hebu tumtazame kwa macho ya wenyeji. Wazee wa mji walikuwa Waislamu, yeye Mkristo. Makarani wa zamani walifundishwa na Wadachi. Yeye alifundishwa na Waingereza. Wabondei walikuwa ndugu zake, lakini alizaliwa ng'ambo. Kila upande ulikuwa na sababu ya kumwuliza: wewe nani utusemee? Naamini kwamba swali hilo alijiuliza mwenyewe kabla hajaulizwa. Alipoandika habari za maisha yake, zilizotolewa katika kitabu cha mwaka wa 1936, hakuacha kuwataja kwa shukrani mabwana waliomthamini. Wako wanaoona majivuno katika jambo hilo. Mimi naona kinyume chake, kwa maana mtu aliyetulia moyoni hana haja ya kuhesabu mashahidi.

Lakini shaka hiyo haikumzuia kutenda. Mwaka wa 1922 alianzisha Tanga chama cha Waafrika watumishi wa Serikali, akawaweka pamoja Waislamu na Wakristo, wenyeji na wageni. Mwaka uliofuata alifanywa karani mkuu wa ofisi ya wilaya, na Waafrika wakashika kazi zilizokuwa zikifanywa na makarani wa Kihindi. Uzito wa jambo hilo hautambuliki upesi leo. Kosa la karani wa Kihindi lilikuwa kosa la karani mmoja. Kosa la karani Mwafrika lingehesabiwa kuwa kosa la Waafrika wote. Kila barua iliyopotea, kila hesabu iliyopishana kwa senti chache, ingekuwa ushahidi. Kumwongoza mtu chini ya macho kama hayo ni kumwomba asikose hata siku moja, hali wewe unajua kwamba utakosa. Nadhani hapo ndipo chama kilipokuwa na faida ambayo haikuandikwa katika kanuni zake: jioni makarani walikutana, wakasikia kwamba hofu ya mmoja ilikuwa hofu ya wote.

Mwaka wa 1931 Kayamba alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Usukumani na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Makwaia alikuwa na watu wake na kiti chake. Kayamba alikuwa na kalamu. Hata hivyo walilikataa shauri hilo, kwa kuchelea nguvu za walowezi wa Kenya. Hakudai uhuru, wala simwondolei lawama hiyo. Aliipima haki kwa kipimo cha waliomtawala, na kipimo hicho ndicho kilichompa shaka tangu mwanzo.

Mwaka wa 1932 alipandishwa cheo, akahamia makao makuu ya Serikali, Dar es Salaam, mahali ambapo hakuna Mwafrika aliyekuwa amefika. Aliwaacha Tanga wale waliokuwa wakimwita mwenzetu. Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake cha safari, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Baada ya kufa kwake, mwaka wa 1948, kikatoka kingine juu ya safari ya Ulaya, kwa Kiingereza, nacho kiliitwa An African in Europe, yaani Mwafrika mmoja Ulaya. Huenda majina hayo yalichaguliwa na wachapishaji. Lakini katika kile cha Kiswahili walikwenda watatu.