Nani Aliamua Bao ni Nini?

Wengi huuliza nani alifunga bao. Mimi huuliza nani aliamua bao ni nini.

Chukua polo ya majini. Miaka ya 1870 huko Uingereza ilikuwa kama raga ndani ya maji: unamzamisha mpinzani, unampokonya mpira, basi. Golikipa alisimama nje, ukingoni mwa bwawa, akikungoja ukaribie akurukie. William Wilson wa Scotland akaandika sheria za mwanzo, na mwaka 1885 chama cha kitaifa cha uogeleaji kikautambua mchezo rasmi.

Wamarekani nao walikuwa na sheria zao: mpira laini usiojaa upepo, ambao mchezaji aliweza kuushika na kuzama nao. Kwenye Olimpiki ya St. Louis, 1904, klabu zilizocheza zote zilikuwa za Marekani. Jina moja, michezo miwili.

Niliacha chuo nikidhani kamati na makaratasi ni mambo ya kuboesha tu. Kumbe hapo ndipo huamuliwa pia nani anaingia majini. Wanaume walianza kucheza polo ya Olimpiki Paris, 1900. Wanawake walikuwa wakiucheza mchezo huo tangu mwanzoni mwa karne, lakini mlango wa Olimpiki ulifunguliwa Sydney, 2000. Australia iliipiga Marekani 4-3 kwenye fainali, Yvette Higgins akifunga sekunde za mwisho kabisa.

Miaka mia moja nje ya bwawa, na si kwa sababu hawakujua kuogelea.